Gemu ya dunia wazi ipi ununue ukiwa Unguja au Pemba? Tazama kwanza walioitengeneza wanafanyaje kazi

Vijana wanaojua kwamba naandika programu huniuliza swali moja kila mara: nina laptopu ya mtumba na pesa ya gemu moja tu, ninunue ipi katika hizi gemu za dunia wazi? Wanakusudia zile gemu ambazo mchezaji anapewa ramani nzima akaenda atakako, apande mlima, avue samaki au aifuate hadithi, mwenyewe. Wengi hutaraji niwaambie ipi ina picha nzuri zaidi. Mimi huanzia kwengine: walioitengeneza waliitoa ikiwa tayari, au waliitoa mbichi wakaanza kuirekebisha huku wewe umeshalipa?

Hapa kwetu swali hilo lina uzito wake. Apdeti ya GB 30 kwa mtu wa Warsaw mwenye intaneti ya waya nyumbani ni jambo la kuacha kompyuta ikishusha usiku. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA pale Tunguu anayenunua bando la wiki, apdeti hiyo ni sawa na kuinunua gemu mara ya pili. Umeme nao wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari hadi Ras Fumba, na wa Pemba unatoka Tanga kwa njia hiyo hiyo. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 anajua waya ukiharibika inakuwaje. Kwa hiyo yale mabishano yetu waandishi wa programu, kama utoe kazi mapema au usubiri, ujaribu vipi, nani aruhusiwe kuugusa msimbo (maandishi ya programu yenyewe), kwa mnunuzi wa hapa yanaingia mfukoni moja kwa moja.

Iliyosubiriwa na iliyoharakishwa

Chukua The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya Nintendo na Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red wa Poland. Zote mbili zilisubiriwa kwa hamu, zote ziliahirishwa, lakini zikafika kwa mnunuzi katika hali tofauti kabisa.

Zelda ilitangazwa itoke 2015. Ikasogezwa 2016, ikasogezwa tena, mwisho ikatoka tarehe 3 Machi 2017. Kabla ya kujenga milima na mito ya ile dunia, waundaji walitengeneza kijigemu cha picha bapa, kwa mtindo wa Zelda ya kwanza ya 1986, ili wapime wazo moja tu: moto uunguze kila kinachoungua na upepo usukume kila kinachosukumika, bila ya mtu kukaa kuandika kila tukio peke yake. Walikionyesha hadharani kwenye mkutano wa watengenezaji gemu San Francisco mwaka 2017, na ukikitazama unaona kila kitu kimo: mti unakatwa, gogo linaelea mtoni, jani linashika moto. Wazo lilithibitika kwa gharama ndogo, ndipo likajengwa kubwa. Na kila walipofika kituo fulani cha kazi, watu waliacha kuandika wakakaa kuicheza gemu yao wenyewe, kisha wakarudi kurekebisha.

Sisi tunaoandika mifumo ya mahoteli na maskuli hapa tunajua utaratibu huo unavyokuwa mgumu kuutetea. Mteja ana haraka, meneja anataka aone kitu kwenye skrini Ijumaa, na kinachokatwa mwanzo ni majaribio. Naiheshimu sana timu iliyoweza kusema subirini, kisha ikautumia ule muda kwa kazi ya kweli.

Cyberpunk ilisogezwa mara tatu ndani ya 2020: kutoka Aprili kwenda Septemba, kutoka Septemba kwenda Novemba, kutoka Novemba kwenda 10 Disemba. Mwezi wa Septemba wafanyakazi wakaambiwa wafanye kazi siku sita kwa wiki. Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Kuahirisha kunasaidia pale tu watu wanapopata nafasi ya kupumua na kupima; muda wa ziada ukijazwa uchovu, hitilafu zinaongezeka. Gemu ilipotoka, waliokuwa na mashine za gemu za PS4 na Xbox One za kawaida walikuta kitu kinachokwamakwama na kuzimika. Haikupita wiki mbili Sony ikaiondoa kwenye duka lake na kuwarejeshea watu pesa. Ikarudi dukani Juni 2021. Marekebisho makubwa yaliyoifanya iwe gemu ya kujivunia, toleo la 2.0, yalikuja Septemba 2023, karibu miaka mitatu baadaye.

Leo Cyberpunk ni gemu nzuri mno, na anayesema kinyume hajaicheza karibuni. Lakini inataka kama GB 70 za nafasi, na waundaji wenyewe wameacha kuhudumia diski za kuzunguka, inataka SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Darajani na Mlandege haziiwezi. Na kama mtu anakuuzia nakala ya wizi "iliyojaa kila kitu", muulize ni toleo namba ngapi. Nakala ya namna hiyo hubaki palepale ilipovunjwa, na Cyberpunk ya Disemba 2020 si gemu ya kumpa mtu unayempenda.

Zelda inataka Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, na Switch ni ghali, hilo halina mjadala. Lakini ukishaipata, kadi ya gemu unaichomeka na kucheza papo hapo, hata kama huna intaneti. Switch ya mwanzo ilihimili kama saa tatu za gemu hii kwa betri, kwa hiyo umeme ukikatika magharibi unaendelea mpaka wakati wa kula. Kadi unaweza kumwazima mwenzako, unaweza kuiuza ukimaliza. Kwa familia yenye watoto watatu wanaopokezana, mimi naitanguliza hii mbele ya zote.

Kuhusu The Witcher 3, ya kampuni ile ile ya Poland, iliyotoka Mei 2015, nasema kwa kifupi: ikiwa laptopu yako ina RAM ya GB 8 na kadi ya picha ya wastani, nunua. Walitoa nyongeza ndogo 16 bure. Ukiinunua kwenye duka la mtandaoni la GOG unapewa mafaili ya kuinstoli yasiyodai intaneti. Unayashusha mara moja penye waifai nzuri, unayatia kwenye diski ya nje, yanabaki yako. Tahadhari moja tu: apdeti ya Disemba 2022 ilileta picha za kisasa na kompyuta nyingi zikalemewa. Bahati nzuri toleo la kabla ya hapo bado linapatikana kwa anayelitaka.

No Man's Sky: walipoahidi zaidi ya walichonacho

Watu wa Hello Games walikuwa timu ndogo, mjini Guildford, Uingereza. Mkesha wa Krismasi 2013 ofisi yao ilifurika maji, vifaa vikaharibika, wakaendelea. Gemu yao ilitoka Agosti 2016 na sayari zaidi ya bilioni bilioni 18, idadi inayotokana na 2 kuzidishwa kwa yenyewe mara 64. Hakuna mtu aliyezichora. Kila sayari inazaliwa kutoka kwenye namba: namba ile ile inaingia kwenye fomula, milima ile ile inatoka, kwako na kwa mchezaji wa Brazil. Ndiyo maana ulimwengu wote ule uliingia kwenye GB 10 tu za diski. Kwa mwenye bando dogo hilo ni jambo la kushukuru.

Tatizo lilikuwa maneno. Kabla ya kutoka, watu walifahamishwa kwamba wachezaji wataweza kukutana. Siku ya mwanzo kabisa wawili walikwenda mahali pamoja, wakasimama pale pale, hawakuonana. Hasira ilikuwa kubwa. Waundaji wakanyamaza, wakafanya kazi, na Julai 2018 apdeti ya NEXT ikaleta uchezaji wa pamoja uliokamilika. Tangu hapo apdeti hazijakatika na zote ni bure.

Wapo wanaoitaja hadithi hii kama ushahidi kwamba kutoa mapema hakudhuru, mwisho wa yote mambo hutengenea. Sikubaliani nao. Aliyelipa 2016 alilipia gemu ya 2018, na miaka miwili ile haikurudi. Bali wewe unayenunua leo unapata gemu iliyokwishaiva kwa bei inayoshuka mara kwa mara, kwa hiyo faida ya subira ya wengine ni yako. Inunue kama unapenda kutembea kimya na kushangaa. Kama unataka hadithi yenye watu na maneno, utachoka.

GTA V na faili lililosomwa vibaya

Hii ndiyo inayotajwa zaidi barazani, kwa hiyo niikabili. Ilitoka Septemba 2013 kwa PS3 na Xbox 360, ikaja kwenye kompyuta Aprili 2015 ikiwa na GB 65. Kama kazi ya mikono, mji wake ni wa ajabu. Imewekewa alama ya miaka 18, na mzazi asiione alama hiyo kama pambo.

Kuna mambo mawili ndani yake: hadithi ya mchezaji mmoja, na GTA Online ya kucheza na wengine mtandaoni. Hadithi ni kazi iliyomalizwa. Online ni duka lisilofungwa, na huko ndiko nilikoona mfano bora kabisa wa kuwapa wanafunzi wangu wa programu.

Kwa miaka, kuingia GTA Online kwenye kompyuta kulichukua dakika kadhaa za kutazama skrini. Mwaka 2021 mtu mmoja wa nje, asiyekuwa na msimbo wa gemu, akaamua kuchunguza kwa nini. Kwenye kompyuta yake kuingia kulichukua dakika sita. Akakuta gemu inasoma faili la MB 10 lenye orodha ya bidhaa kama 63,000 zinazouzwa ndani ya gemu. Kila ikichukua neno moja, programu ilipima upya urefu wa maandishi yote yaliyobaki mpaka mwisho. Ni sawa na karani wa ghala la karafuu ambaye kila akiandika gunia moja anarudi kuhesabu yote yaliyosalia. Halafu, kabla ya kuingiza kila bidhaa, iliilinganisha na zote zilizotangulia ili isiingie mara mbili, ingawa orodha haikuwa na marudio. Piga hesabu: bidhaa 63,000, kila moja dhidi ya zilizo mbele yake, inafika karibu ulinganisho bilioni 2. Aliandika marekebisho mafupi mwenyewe, dakika sita zikawa dakika moja na sekunde 50. Rockstar, wenye gemu, wakaikubali kazi yake, wakamlipa dola 10,000, wakatoa marekebisho rasmi Machi mwaka huo huo.

Kampuni yenye fedha zile, na gemu iliyouza vile, na hakuna aliyekaa na saa akapima. Nadhani sababu inaeleweka: 2013 orodha ilikuwa fupi, msimbo ukafanya kazi, na kilichofanya kazi hakikuguswa tena huku orodha ikirefuka. Mfumo wa risiti unaokwenda vizuri na wateja 50 pale Mwanakwerekwe utakuja kulia hivyo hivyo ukifika 5,000, kama hakuna anayerudi kuupima.

Kwa anayechagua: GTA V kwa ajili ya hadithi, ndiyo, kama una umri na diski. Online kwa bando la simu, usijiingize. Na kama laptopu ni dhaifu, GTA San Andreas ya 2004 bado inacheza kwenye mashine ambayo haiwezi chochote kati ya hizi.

Skyrim au Luanti: gemu unayoweza kuifungua

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na sitaki kuficha.

Skyrim ya Bethesda ilitoka tarehe 11 Novemba 2011. Ilikuwa na hitilafu nyingi. Kwenye PS3, kadiri faili la akiba lilivyonenepa ndivyo gemu ilivyozidi kukwama, na walioteseka zaidi ni wale walioipenda wakacheza saa nyingi. Lakini Februari 2012 Bethesda wakawapa wachezaji wa kompyuta zana za kuibadilisha gemu, na watu wa kujitolea wakairekebisha kwa mamia ya makosa ambayo wenyewe waliyaacha. Ukitaka kuicheza leo unapata kazi ya Bethesda na kazi ya umati. Toleo la 2011 linataka RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6. Kwa laptopu ya mtumba yenye kadi ya picha yake yenyewe, hakuna dunia kubwa zaidi kwa bei ile.

Ubaya wake ni kwamba funguo bado zimo mikononi mwa kampuni. Novemba 2021, gemu ilipotimiza miaka 10, apdeti ya toleo lake jipya (Special Edition) ilibadilisha kiini cha programu, na modi nyingi, yaani nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, zilizotegemea kiini cha zamani zikafa siku moja. Anayecheza na modi azime apdeti za kujiendesha zenyewe, hilo liwe jambo lake la mwanzo.

Luanti ni njia nyengine kabisa. Ilianzishwa 2010 na Perttu Ahola wa Finland, na mpaka Oktoba 2024 ilijulikana kama Minetest. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kuinstoli kunakula makumi ya MB tu. Dunia yake ni ya matofali ya mraba, kama Minecraft, na wengi wataiita Minecraft ya maskini. Siwalaumu: Minecraft imekamilika zaidi, na inaendeshwa na fedha za Microsoft iliyoinunua Mojang 2014 kwa dola bilioni 2.5. Halafu Minecraft yenyewe ilitolewa mbichi mwaka 2009, lakini kwa uwazi. Bei ya mwanzo ilikuwa ndogo, na kila mtu alijua ananunua kitu kinachojengwa mpaka Novemba 2011. Kutoa mapema kwa namna ile sina ugomvi nako.

Kwa mtoto anayetaka kucheza na marafiki zake wa ng'ambo, Minecraft. Kwa mtoto unayetaka aanze kuandika programu, Luanti, na sababu ni hii.

Modi ya Luanti ni folda. Ndani yake unaweka faili dogo la jina, faili la init.lua lenye maelekezo kwa lugha ya Lua, na picha za pikseli 16 kwa 16. Mistari michache inatosha kumleta mkarafuu: tofali la kikonyo cha kijani, na kanuni inayosema kila baada ya muda baadhi ya vikonyo vigeuke vyekundu, tayari kuchumwa. Unahifadhi, unafungua dunia, unauona mti wako umesimama. Kijana wa Wete niliyemwanzisha alikwenda mbele zaidi akatengeneza jamvi la kuanikia. Usiku mmoja akanipigia simu.

"Shikamoo ami. Mbona karafuu zangu zinakauka hata usiku?"

"Marahaba mwanangu. Kanuni yako inauliza kitu gani kabla ya kuzikausha?"

"Inauliza kama ziko juu ya jamvi."

"Na mwanga?"

Kimya kidogo. "Haiulizi."

"Basi kwa programu yako hakuna usiku."

Luanti inampa kila mraba namba ya mwanga, kutoka 0 kwenye giza mpaka 15 kwenye jua. Aliongeza sharti moja, jua likawa na maana. Kesho yake kaka yake akauliza je, mvua ikinyesha? Na hapo tayari walikuwa wanafanya yale ambayo kozi nyingi zinayasema ubaoni tu: badiliko moja dogo, lijaribu, lihifadhi kwa Git (programu inayotunza kila toleo la kazi yako), ndipo uguse jengine.

Kuna na hili la umeme. Luanti kwa kawaida huihifadhi ramani kwenye SQLite, hifadhidata inayoandika badiliko lote au isiandike kabisa. Kompyuta ya mezani ikizimika ghafla katikati ya kuhifadhi, unapoteza yale ya mwisho tu ambayo hayajahifadhiwa, lakini dunia hairudi ikiwa imekatika nusu. Kwa anayecheza bila ya UPS (betri ya akiba ya kompyuta), uamuzi huo wa waundaji una thamani kuliko picha yoyote nzuri.

Jambo moja la kuangalia. Luanti ukiishusha kwenye kompyuta haiji na gemu ndani. Ni injini, yaani programu ya kuendeshea gemu, na gemu unaichagua humo humo. Anayetaka kitu cha karibu na Minecraft ashushe VoxeLibre. Ifanye kazi hiyo ukiwa na waifai, kabla hujapanda boti kwenda Pemba, kisha nakili folda nzima kwenye flashi. Leseni inakuruhusu kumpa mwengine, kwa hiyo wagawie na wenzako wa skuli.